Maji ya bomba yamebadilika Dar? Anza na dalili, tafuta chanzo hivi

Watu wengi wakiona maji ya bomba yamekuja na rangi wanapiga picha ya ndoo, wanairusha kwenye grupu la mtaa, wanalalamika siku mbili, maji yakitakata basi imeisha. Naomba tusiishie hapo. Kila rangi, harufu na ladha ina mahali inapotokea, na ukijua kuisoma unaweza kusema tatizo liko kwenye tanki lako, kwenye laini ya mtaa au huko mtamboni kabla hata fundi hajafika. Natumia Dar es Salaam kwa sababu ndo mji ninaoujua, ila mengi ya hapa yanafaa Mombasa, Mwanza au Bujumbura vilevile.

Jua kwanza maji yanatoka wapi. Sehemu kubwa ya maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, ni ya mto Ruvu, unaoshuka kutoka milima ya Uluguru kule Morogoro. Mitambo mikubwa ni miwili, Ruvu Chini upande wa Bagamoyo yenye uwezo wa lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu pale Mlandizi yenye lita milioni 196, alafu kuna mtambo mdogo wa Mtoni unaochukua maji ya mto Kizinga, na kuna visima virefu, vikiwemo vya Kigamboni vilivyoingia kazini mwishoni mwa 2022 wakati Ruvu imepungua na mgao umembana kila mtu. Maji ya Ruvu Chini yanasafiri zaidi ya kilomita 50 mpaka kwenye matangi ya Chuo Kikuu, ya Ruvu Juu yanapitia Kibamba na Kimara, na hapo ndo kwanza yanaanza kugawanywa mitaani. Kwa iyo mtu akikwambia "mtamboni maji yako safi" anaweza kuwa anasema kweli tupu, na wewe huku mwisho wa laini ukawa unakunywa kitu kingine kabisa. Majibu ya mtamboni yanaeleza maji ya mtamboni. Ya kwako lazima yapimwe kwako.

Vipimo vinavyotumika sio siri. TBS, shirika la viwango, wana kiwango chao cha maji ya kunywa, TZS 789, EWURA ndo wanaosimamia mamlaka za maji, mamlaka yenyewe ina maabara yake, na Wizara ya Maji ina maabara zake ambako hata mwananchi anaweza kupeleka maji yake akalipia yakapimwa. Namba za kushika kichwani ni chache: E. coli (bakteria wa kinyesi) isionekane hata moja kwenye mililita 100, tope isizidi NTU 5 (NTU ndo kipimo cha ukungu wa maji), pH, yaani uchachu wa maji, iwe kati ya 6.5 na 8.5, floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita (watu wa Arusha na Meru wanajua kwa nini, meno yanaonyesha), na klorini, dawa ya kuua vijidudu, iliyobaki bombani iwe angalau miligramu 0.2 kwa lita pale maji yanapomfikia mtu. Hiyo ya mwisho tutairudia sana.

KABLA YA YOTE: NI WEWE PEKE YAKO, NI MTAA, AU NI NUSU YA MJI?

Hili swali linaokoa muda kuliko kifaa chochote. Fungua koki iliyo karibu na mita, ile ya nje kabla maji hayajapanda kwenye simtanki, uangalie. Kama pale ni safi na jikoni ni machafu, tatizo ni lako: tanki, bomba za ndani, koki. Kama pale pia ni machafu muulize jirani wa upande huu na wa upande ule, na sio jirani mwenye kisima maana atakupoteza. Wote wanayo, basi ni laini ya mtaa. Ukisikia Kimara wanalia, Mbezi wanalia na Tabata wanalia siku hiyohiyo, hapo angalia mtamboni au tanki kubwa. Mtu wa maabara naye anafanya hivihivi, tofauti yake ana chupa na namba.

MAJI MEUPE KAMA MAZIWA

Hii haina makubwa. Jaza glasi ya kioo uiweke mezani. Ikianza kutakata kutoka chini kwenda juu ni hewa tu, maji yamerudi baada ya mgao na bomba lilikuwa na upepo ndani, dakika mbili tatu imekwisha. Kama weupe unashuka na kutuama chini kama unga, hapo kuna kitu kigumu, inaweza kuwa chokaa ya maji ya kisima au mabonge madogo ya dawa ya kugandishia tope yaliyopenya kwenye chujio la mtamboni. Hilo la pili liripoti.

MAJI YA KAHAWIA AU MEKUNDU

Hapa kuna vyanzo viwili vinavyofanana kwa macho na watu wanavichanganya kila siku.

Cha kwanza ni kutu na mashapo ya bomba. Laini ikikaa kavu siku tatu alafu presha ikarudi kwa nguvu, maji yanazoa kila kilichokuwa kimelala mle ndani. Dalili yake ni kwamba yanakuja mabaya mwanzoni, yanapungua kadri unavyoyaacha yatoke, na mtaa wa pili wanaweza wasiyaone. Dawa yake ni kuosha laini kwa kufungua washauti, ile koki ya kumwagia uchafu wa bomba, pale mwisho, na mamlaka ikijua ratiba yake ya mgao inaweza kuosha kabla watu hawajakinga. Yakiwa meusi badala ya mekundu, tena yanaacha vichembe kama masizi kwenye ndoo nyeupe, mara nyingi hayo ni madini ya manganizi, yanakaa kwenye kuta za bomba miaka na miaka alafu yanabanduka presha ikibadilika ghafla.

Cha pili ni mto wenyewe. Masika ikichanganya kule Morogoro, Ruvu inashuka nyekundu, tope inaweza kupanda mpaka mamia ya NTU ndani ya muda mfupi. Mtamboni wanaweka shabu au dawa nyingine ya kugandisha, uchafu unashikana unakuwa mabonge, mabonge yanatuama, kinachobaki kinapita kwenye mchanga. Sasa kipimo cha dawa cha jana hakifai leo. Ndo maana kuna kipimo cha majagi: unajaza majagi sita maji ya mto, kila moja unaweka dozi tofauti, unakoroga kwa nguvu dakika moja, unakoroga polepole robo saa hivi, unaacha yatulie, alafu unaangalia ni jagi lipi limetakata vizuri kwa dawa kidogo. Ukikaa pale ukaangalia utaona jagi la dozi ndogo limebaki na ukungu, la katikati limetakata mpaka unaona mstari wa meza upande wa pili, na la dozi kubwa limeanza tena kuwa na ukungu, maana dawa ikizidi nayo inaharibu na inashusha pH. Mvua ikinyesha hiki kitu kirudiwe mara kwa mara, usiku pia. Mtambo unaofanya kipimo hiki asubuhi tu kwa sababu ndo muda wa mtu wa maabara kuwepo utatoa maji mabaya saa nane usiku na hakuna atakayejua.

Kwa nini tope ni jambo zito wakati ni udongo tu? Kwa sababu vijidudu vinajificha ndani ya chembe za tope na klorini haivifikii. Shirika la Afya Duniani wanataka maji yawe chini ya NTU 1 kabla ya kutiwa klorini. NTU 5 ni ya macho, 1 ndo ya usalama, na mimi nikisoma ripoti ya mtambo naanza na hiyo 1.

Na maji mekundu yasiyoisha wiki baada ya wiki, msimu wa kiangazi, mto ukiwa umetulia, yasichukuliwe kama mazoea. Mji wa Flint kule Marekani walibadilisha chanzo cha maji Aprili 2014, wakaanza kutumia mto wao bila kuweka dawa ya kuzuia maji yasile mabomba. Watu walileta chupa za maji ya kahawia kwenye mikutano, wakaambiwa maji yako ndani ya viwango. Oktoba mwaka huohuo kiwanda cha injini cha General Motors kikaacha kutumia maji yale kwa sababu yalikuwa yanatia kutu vyuma vyao, na wananchi wakaendelea kuyanywa mwaka mwingine mzima, na madini ya risasi yalikuwa yanatoka kwenye mabomba yakiingia kwa watoto. Mamlaka yoyote inayobadilisha chanzo, ikiwemo kuchanganya maji ya visima na ya mto, inatakiwa kupima kama maji mapya yanakula mabomba ya zamani. Rangi ya kutu ndo mlio wa kwanza.

KLORINI HAISOMI KABISA BOMBANI

Hii ndo dalili muhimu kuliko zote na ndo isiyoonekana kwa macho. Maji yanaweza kuwa yametakata pee, matamu, baridi, na klorini sifuri.

Kupima ni rahisi mno. Kuna kale kaboksi kenye vioo viwili na rangi za pinki za kulinganisha, unajaza maji, unatia kidonge cha DPD bila kukishika kwa vidole, unatikisa, unasoma palepale. Ikiwa pinki kuna klorini, pinki ikikolea ni nyingi, isipobadilika hamna mlinzi. Dakika moja umemaliza. Kipimo cha bakteria kinachukua siku nzima, yaani majibu yakitoka watu washakunywa, washapika uji, washanyonyesha. Klorini inakwambia sasa hivi. Ndo maana nasema mji wenye pesa kidogo ununue vidonge vya DPD vingi kabla ya kununua mashine kubwa, na uwape watu wanaotembea mitaani kila siku wakiwemo wasoma mita.

Sasa tuseme tanki kubwa linatoa klorini 0.8 (miligramu kwa lita) na kwa mteja ni 0.0. Imeenda wapi? Usiridhike na jibu la "ni umbali". Tembea na laini. Pima pale maji yanapotoka kwenye tanki, pima robo ya njia, nusu, robo tatu, mwisho, uandike na saa. Kuna namna mbili za kushuka. Ya kwanza inashuka taratibu, 0.8, 0.6, 0.4, 0.2, 0.1. Huo ni umri wa maji na joto letu, klorini inajichosha yenyewe na kwenye utando wa uchafu uliomo bombani. Dawa yake ni kuongeza klorini katikati ya njia, kuosha laini, na kupunguza maji yanayolala kwenye mabomba yaliyoishia njiani. Kuongeza tu mtamboni kunawapa watu wa karibu maji ya kunuka, na wa mwisho bado hawapati.

Ya pili inashuka kwa ghafla: 0.7, 0.7, 0.6, alafu mita mia mbili mbele ni 0.0. Ukiona hivyo simama hapohapo. Kati ya pointi hizo mbili kuna kitu kinaingia na kuila klorini, na mara nyingi ni majitaka, kwa sababu amonia iliyomo kwenye mkojo na kinyesi inaimeza klorini kwa kasi sana, miligramu moja tu ya amonia inaweza kumaliza karibu nane za klorini. Angalia bomba linapita wapi. Mtaro? Chemba iliyofurika? Choo cha shimo ukutani? Mahali vishoka, wale mafundi wasio rasmi, walipounganisha mtu usiku na mpira wa baiskeli? Pima na kiwango cha chumvi kilichoyeyuka, kikipanda ghafla palepale klorini inapoanguka basi umeshapata, ni maji ya ardhini au ya chemba yanaingia.

Lakini yanaingiaje wakati bomba lina presha ya kutoka nje? Hapa ndo kwenye shida ya miji yetu yote ya mgao. Maji yakiwepo bomba lililopasuka linavuja nje. Maji yakikatwa bomba linakuwa tupu, na lile tundu lililokuwa linatoa linaanza kuvuta. Mtu wa kwenye kimuinuko akiwasha pampu yake aliyoifunga moja kwa moja kwenye laini ndo anazidisha, anavuta kila kitu. Maji yakirudi yale yaliyoingia yanasukumwa mbele kwa wa kwanza kufungua koki. Kwa iyo maji machafu kuliko yote kwenye mtaa wa mgao ni yale ya dakika za mwanzo, na ndo yanayokingwa kwa pupa kwa sababu haijulikani yatakaa muda gani. Kinga hayo ya mwanzo kwenye ndoo ya kudekia, ya kunywa subiri.

Nataka sana mamlaka za maji zirekodi presha pamoja na ubora kwenye daftari moja. Ukiweka saa za mgao upande huu na klorini upande huu, pointi mbovu zinajitokeza zenyewe.

Na simtanki lako? Tanki jeusi juani, maji ya wiki nzima, mfuniko umepasuka, klorini iliyokuja nayo inaisha humo. Kama klorini kwenye koki ya karibu na mita ni 0.3 na jikoni ni sifuri usimlaumu mtu. Lioshe, kisha kwa tanki la lita 1,000 lililojaa weka lita moja na nusu ya jiki isiyo na manukato yenye nguvu ya asilimia 3.5, inakupa kama miligramu 50 kwa lita, fungua kila koki mpaka usikie harufu, funga, acha ilale usiku, kesho mwaga yote, suuza, jaza upya. Maji hayo ya usiku mmoja mtu asinywe.

HARUFU

Harufu ya klorini ikiwa ya kawaida ni habari njema, ina maana imefika. Ikikera, kinga kwenye jagi uache wazi nusu saa. Harufu ya yai viza mara nyingi ni ya kisima, au ya hita ya maji ya moto iliyokaa bila kutumika, jaribu koki ya baridi peke yake ujue. Harufu ya udongo au ukungu kwenye maji ya mto au bwawa inatokana na mwani na vijidudu vyake, pua ya binadamu inainusa hata ikiwa chembe ndogo mno isiyopimika kirahisi, haina sumu lakini inawaambia wa mtamboni kwamba chanzo kimebadilika. Harufu ya chemba haina mjadala, funga koki, piga simu, usichemshe ukanywa.

E. COLI IMEONEKANA

Kabla ya majibu kuna namna ya kuchukua sampo, na hapa ndo majibu mengi yanapofia. Chagua koki ya chuma isiyovuja, toa mpira wowote uliofungwa, ifute kwa spiriti au ichome kwa moto, acha maji yatoke dakika mbili tatu. Chupa imeshachemshwa maabara na chini yake kuna unga kidogo wa thaiosalfeti. Usiisuuze, ule unga ndo kazi yake kuzima klorini. Bila hiyo klorini inaendelea kuua vijidudu ndani ya chupa njiani kote, ukifika maabara unapata sifuri ya uongo, na sifuri ya uongo ni mbaya kuliko chanya ya uongo. Usiguse mdomo wa chupa, bakisha nafasi ya hewa, weka kwenye boksi la barafu, ifike ndani ya saa sita. Maabara wanapitisha mililita 100 kwenye karatasi ya chujio yenye matundu madogo kiasi kwamba bakteria wanabaki juu, wanaiweka kwenye chakula chao, nyuzijoto 44, kesho yake wanahesabu vinukta vya njano. Kinukta kimoja tu kinatosha kuharibu siku.

Kwa madini ya risasi ni kinyume: unachukua maji ya kwanza kabisa asubuhi kabla mtu hajafungua koki, kwa sababu unataka yale yaliyolala na bomba. Ukiacha yatiririke kwanza unakuwa umeyamwaga uliyokuja kuyatafuta. Flint waliambiwa wafungulie koki kwanza, na majibu yakapendeza.

Basi, chanya imetoka. Tabia ninayoiona na nisiyoipenda ni kurudia sampo mara tatu mpaka itoke safi, alafu inaandikwa ile safi. Hapana. Sampo ya kurudia inachukuliwa siku hiyohiyo, ndio, lakini pamoja na ya juu ya laini na ya chini ya laini, na klorini inapimwa pale, na watu wa mtaa huo wanaambiwa wachemshe maji mpaka yatokote kweli wakati majibu yanasubiriwa. Kipindupindu cha 2015 kilianza Agosti kikiwa Kinondoni kabla ya kusambaa mikoani, na kwa ugonjwa wa namna hiyo siku moja ya kusubiri ni siku ya watu kulazwa. Ukipata tundu, rekebisha, osha, tia klorini nyingi kwenye kipande hicho, fungulia maji yatoke, pima tena siku mbili tofauti ndo utangaze.

MAJI YA KISIMA YAMEKUWA YA CHUMVI

Visima vya mitaa ya pwani vikivutwa sana maji ya bahari yanasogea ndani. Dalili ni sabuni kukataa povu na chai kuwa na ladha, na kipimo cha chumvi kinapanda mwezi hadi mwezi. Punguza kuvuta, pumzisha kisima. Kikubwa ninachotaka ujue ni nitreti, kemikali inayotokana na kinyesi: visima vifupi katikati ya vyoo vya shimo vinaipata, haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuitoi, kunaongeza ukali wake kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Maziwa ya kopo ya mtoto mchanga usiyakoroge na maji ya kisima usichokipima. Boza nalo muulize dereva kajaza wapi, maji ya boza hayana chanzo kimoja, na yapimwe klorini kabla hayajaingia kwenye tanki lako.

WATU WANAHARISHA LAKINI MAJIBU YANASEMA MAJI NI SAFI

Hapa nakaa kidogo.

Sababu ya kwanza, sampo zinachukuliwa pasipo na tatizo. Koki ya ofisi, ya zahanati, ya shule iliyo barabarani, saa nne asubuhi, presha ikiwepo, gari likifika bila kukwama. Mwisho wa laini kule bondeni maji yanatoka saa tisa usiku na hakuna chupa iliyowahi kufika. Ramani ya pointi za sampo inatakiwa iwekwe mbele ya watu, na nusu yake iwe miisho ya laini na sehemu za mgao mkali.

Sababu ya pili, sampo ni chache. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa mji wa zaidi ya watu laki tano ni sampo 12 kwa mwaka kwa kila watu 50,000 ukiongeza 600 juu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa wa Dar es Salaam. Wote wangekuwa kwenye bomba hesabu inakuja karibu sampo 1,900 kwa mwaka, yaani tano kila siku ya Mungu bila kuruka Jumapili, na hicho ni kima cha chini.

Sababu ya tatu, kinachowaumiza hakipimwi. Milwaukee, Marekani, mwaka 1993, watu wanaokadiriwa 403,000 waliugua kwa kimelea kinaitwa Cryptosporidium, maji yakiwa yanafuata viwango vya wakati huo. Kimelea kile klorini haikiui. Kilichokuwa kinaonekana kwenye rekodi za mtambo ni tope kupanda isivyo kawaida, na simu za wananchi kulalamika, na maduka ya dawa kuishiwa dawa za kuharisha. Hizo zote ni vipimo. Mji unaopima maji bila kuongea na zahanati na maduka ya dawa unafanya kazi na jicho moja.

Ya nne, dumu. Maji yamefika salama, yakachotwa kwa kikombe cha mkono. Ila isitumike kama kisingizio kabla hizo tatu hazijaangaliwa.

RIPOTI NI NZURI MNO

Hii pia ni dalili. Ukiona klorini ni 0.5, 0.5, 0.5, pointi zote, miezi yote, masika na kiangazi, hakuna aliyetembea. Maji halisi yanapanda na kushuka. Ripoti ya kweli ina sampo zilizofeli na maelezo ya kilichofanywa, na anayezalisha maji asiwe peke yake anayejipima, ndo maana kuna msimamizi na kuna maabara za wizara. Meneja anayemgombeza mtu wa maabara kwa kuleta chanya anajinunulia ripoti nzuri na mlipuko wa kipindupindu kwa pamoja.

UKIPIGA SIMU, SEMA HIVI

"Maji ni machafu" haimsaidii fundi. Mwambie mtaa na namba ya mita, saa ulipoyaona, kama ilikuwa mara tu baada ya maji kurudi, umeyachukua kabla au baada ya tanki, rangi au harufu gani, yalitakata baada ya dakika ngapi au hayakutakata, majirani wangapi wanayo na upande gani, na kama kuna bomba linavuja au chemba imefurika karibu. Kama kuna wanaoharisha nyumbani sema ni wangapi na walianza lini, hilo usilifiche kwa aibu. Omba namba ya taarifa. Jaza chupa moja safi uiweke kwenye friji na uandike saa juu yake. Ni ya kumwonyesha fundi rangi na tope, haifai kupima bakteria kwa sababu chupa yako haijachemshwa wala haina ule unga. Wakija, waombe wapime klorini mbele yako, kabla ya tanki na baada ya tanki, na wakusomee namba zote mbili.